Msamaha Nilioutafsiri

Mwenye nyumba wetu wa La Rochelle, mtaa wa huku kusini mwa Afrika, alikuwa mtu wa kusalimia. Nalisema hilo mapema nisije nikaambiwa sikuona wema wake. Kila asubuhi alitoka na kikombe cha kahawa, akapita uani, akauliza kama maji ya moto yanatoka, akamkuna mbwa wake shingoni, akasema leo kuna baridi. Hata siku ambazo hapakuwa na baridi. Namchukia vilevile. Nimemchukia tangu mwaka 2016 na wala sijachoka.

Alikuwa Mreno, mjane, nywele zimeanza kumtoka. Nyumba ya mbele ilikuwa yake. Mimi na mdogo wangu tulipanga vyumba viwili vya uani. Gereji yake ilikuwa imekaa bure, akanipangisha na hiyo, nikaweka cherehani zangu mbili na meza ya kukatia, na langoni nikatundika bango la kitambaa. Nilipunguza suruali, niliweka zipu, nilishona sare za kwaya na magauni ya vitenge ya arusi za Wakongo wenzangu. Mdogo wangu alikuwa kinyozi Rosettenville. Simsifu kwa kuwa ni damu yangu: watu walijipanga kwenye benchi wakimngoja yeye huku viti vya vinyozi wengine viko vitupu. Tumetoka Uvira. Mama alipofariki mimi ndiye niliyemlea, kwa hiyo hata alipoota ndevu aliendelea kuniita yaya, kama tunavyowaita dada wakubwa kwetu, na nikimtuma dukani alikwenda bila kununa.

Majira ya baridi mwenye nyumba aliwinda. Alikuwa na bunduki moja ndefu, ya namna ile ambayo kila ukipiga risasi lazima ufungue komeo kwa mkono, utoe ganda, ufunge tena, ndipo upige nyingine. Aliitunza kuliko alivyolitunza paa la vyumba vyetu. Mimi ndiye niliyeishonea mfuko wa turubai wa kuibebea, na niliifanya kazi hiyo vizuri, kwa sababu wakati huo sikuwa na neno naye. Ijumaa aliondoka na pikapu kwenda Limpopo, kwenye shamba la rafiki yake. Jumapili jioni alirudi, akasimamisha gari uani, akaosha damu ya swala kwa mpira wa maji, na maji mekundu yakapita mbele ya mlango wangu kuelekea kwenye mfereji. Mimi nilifagia.

Mwaka huo nguruwe mwitu walikuwa wamelivamia shamba la rafiki yake na kufukua viazi mistari kwa mistari. Wakapanga kuwawinda mchana kwa kuwasukuma. Wanaume wanaingia kwenye matete upande mmoja wakigonga madebe, nguruwe wanachomoka upande wa pili, na wenye bunduki wanawangoja huko. Mwenye nyumba akamwomba mdogo wangu aende akagonge debe. Alikwenda kwa furaha. Alikuwa amechoka na harufu ya spiriti na nywele, alitaka kuona miti.

Rafiki yule alikuwa na bunduki nyingine, inayojipakia risasi yenyewe. Ukibonyeza inapiga, ukibonyeza tena inapiga tena, haidai ufanye kitu chochote katikati. Sheria ya huku inakuruhusu kupiga kwa bunduki ya mwenzako, lakini mwenyewe awe amesimama ubavuni mwako akikuangalia. Mwenyewe siku hiyo alikuwa ng'ambo ya matete na bunduki yake ya pili. Kwa hiyo mwenye nyumba wetu alikuwa peke yake na chombo ambacho mkono wake haukukizoea. Nguruwe wakachomoka. Akabonyeza, akabonyeza, akabonyeza, huku mtutu ukiwafuata nguruwe kutoka kushoto kwenda kulia kama mtu anayemwagilia bustani. Kulia ndiko walikokuwa wakitokea wagonga madebe. Mdogo wangu aliinua mkono kuonyesha kwamba yupo. Risasi ikaukuta mkono huo ukiwa juu. Kidole cha shahada na cha kati, mkono wa kulia, vikaenda.

Kwenye kliniki ya mji wa karibu mwenye nyumba alimwambia nesi kwamba kijana ameshikwa na mkanda wa injini ya pikapu. Mdogo wangu alikuwa palepale, macho wazi, akasikia, akanyamaza. Karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa imepitwa na muda, na njiani, huku akimfunga mkono kwa shati lake mwenyewe, mwenye nyumba alikuwa ameshamwambia kwamba polisi wakija wataanza na karatasi yako kabla ya kufika kwenye bunduki. Alimwambia kwa upole, kwa sauti ileile ya kuuliza kama maji ya moto yanatoka. Sipendi watu wapole tangu hapo. Mkali nikimwona najua pa kujikinga.

Siku chache baadaye akaniletea paja la nguruwe lililofungwa kwenye gazeti. Akasema pole. Nililipokea kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa, nikangoja gari lake litoke langoni, nikampa mbwa wake lote pamoja na mfupa. Mbwa akaharisha mbele ya mlango wa jikoni. Nilimsikia mwenye nyumba akilalamika kwa Kireno huku akideki, na kazi ya siku hiyo ikaniendea vizuri.

Huo ulikuwa mwanzo. Nilimlipiza kwa nilichokuwa nacho mkononi. Suruali zake nilizipunguza mguu mmoja zaidi ya mwingine, kidogo tu, kiasi cha mtu kuhisi kwamba ardhi ya siku hiyo imeinama. Koti lake la kuwindia liliponijia nibadilishe bitana, mfuko wa kulia niliushona mdomo mwembamba, mkono uingie vizuri lakini ukitaka kutoka uanze kubembeleza. Alidhani amenenepa. Akaanza kutembea jioni ili apunguze mwili, anazunguka mtaa, anapita mbele ya spaza, kile kiduka cha pale kona, anarudi akihema. Nilimtazama kutoka gereji nikacheka peke yangu hadi sindano ikanichoma.

Najua vilikuwa visasi vya mtu mwenye uzi na sindano. Kule Rosettenville mdogo wangu alikuwa akifagia nywele ambazo zamani alizikata yeye. Mwenye saluni alimwonea huruma, akamwachia ufagio. Alijaribu mashine kwa mkono wa kushoto. Akamkwaruza mtoto wa watu sikio, mama wa mtoto akapiga kelele, naye akaiweka mashine chini asiiguse tena. Jioni alirudi nyumbani ana nywele za watu kwenye viatu. Wateja wa zamani wakimwona barabarani walimuuliza mkono umefanya nini, na yeye, mtoto niliyemfundisha mwenyewe kusema kweli, akawaambia ni mkanda wa injini.

Sasa nije kwenye kanisa, maana huko ndiko nilikofanyiwa jambo baya kuliko lile la matete.

Kanisa letu lilikuwa ukumbi wa kukodi juu ya duka la fanicha, Rosettenville. Ibada yetu ni ya Kiswahili, na Kifaransa kikiwapanda wakubwa. Lakini watoto waliozaliwa huku Kiswahili wanakisikia tu, kukisema hapana, na mara nyingine wanakuja majirani wenyeji. Kwa hiyo kila anayesimama kusema anawekewa mkalimani ubavuni, na mkalimani huyo nilikuwa mimi. Asiyeyajua makanisa yetu anadhani ni kazi ya kuhamisha maneno. Ni kazi ya mwili mzima. Mchungaji akiruka, nawe unaruka. Akilia, unalia. Mtu akitoa ushuhuda akasema mimi nilikuwa mwizi, na wewe unajipiga kifua, unasema kwa Kiingereza mimi nilikuwa mwizi, na hakuna anayecheka. Nilikuwa hodari. Kuna Jumapili nilikuwa mlevi, mchawi na babu mwenye ngiri, yote kabla ya chakula cha mchana.

Baada ya mkono ule mdogo wangu alishikamana na kanisa kwa nguvu zote. Nadhani alihitaji mahali pa kuuweka. Siku moja mchungaji akatangaza Jumapili ya upatanisho, na mdogo wangu, bila kuniuliza, akamwalika mwenye nyumba. Nami nikaamini hatakuja. Alikuja. Alivaa lile koti la kuwindia, kwa kuwa ndilo lililokuwa na bitana mpya, na nikafurahi kuona hathubutu kuingiza mkono mfukoni. Hiyo ndiyo furaha pekee niliyoipata siku ile.

Mchungaji aliwaita mbele wote wawili, nami katikati yao. Mwenye nyumba akaanza. Alisema kwamba bunduki ilifyatuka, na kwamba anaomba radhi kwa ajali ile.

Nikamgeukia mchungaji, nikamnong'oneza kwamba huyu hasemi kilichotokea.

"Mama," akanijibu bila kuacha kutabasamu, "mkalimani haongezi. Sema alichosema."

Nikasema. Kwa Kiswahili safi, mbele ya ukumbi mzima, bunduki ilifyatuka.

Kisha ikawa zamu ya mdogo wangu. Alimwekea mwenye nyumba mkono begani, ule wenye vidole vitatu, akasema kwamba amemsamehe kabisa, kwamba hana kitu naye moyoni, kwamba Mungu ambarikie nyumba yake na kazi ya mikono yake. Nami, kwa kuwa ndivyo tunavyofanya, nikauweka mkono wangu wenye vidole vitano kwenye bega lake la pili, nikamtazama machoni, nikamwambia kwa Kiingereza kisicho na kosa hata moja kwamba nimemsamehe. Nilimbarikia kazi ya mikono yake. Akina mama wakapiga vigelegele, kinanda kikaingia, Mreno akalia machozi ya kweli. Akamkumbatia mdogo wangu, na kwa kuwa nilikuwa hapo katikati, akanikumbatia na mimi. Alinukia sabuni ya kunyolea. Nilisimama kama gogo. Nilipofika nyumbani nilisukutua mdomo kwa maji ya chumvi, na maneno yakabaki mlemle.

Walionitazama siku hiyo walidhani nalia kwa furaha. Nililia kwa hasira, ya kwamba mdogo wangu alikuwa na haki ya kusamehe na aliitumia, lakini mimi haki yangu ya kukataa ilichukuliwa na kipaza sauti.

Msimu ukapita, na mwingine. Mwenye nyumba akarudi kwenye hali yake ya kusalimia, sasa kwa ukunjufu zaidi, maana alikuwa ameoshwa. Na mwaka 2018 ndipo nilipojua jambo lililonimaliza kabisa: aliipenda bunduki ile inayojipakia yenyewe. Mtu mwingine angekiona chombo cha namna hiyo akasikia kichefuchefu. Yeye tangu siku ya matete alikuwa akiitamani yake mwenyewe. Alinionyesha picha kwenye simu, pale mlangoni pa gereji, akasema nguruwe hawakungoji ufungue na ufunge komeo, mama, ukifungua wameshaondoka.

Bunduki ya namna hiyo hawampi mtu hivi hivi. Lazima uwe mwindaji wa kudumu, uandikishwe kwenye chama cha wawindaji, ufanye mitihani yao, na uwaeleze polisi kwa nini bunduki ya kawaida haikutoshi. Kasha lako la chuma liwe limefungwa ukutani kwa bolti. Halafu polisi wanakuja kuwauliza watu wanaokuzunguka kama una akili timamu na hasira za kiasi. Mke hakuwa naye tena. Waliomzunguka tulikuwa sisi.

"Afisa wa silaha atakuja wiki hii," aliniambia. "Ataangalia kasha, ataongea na wanaoishi hapa. Wewe unajua kusema, mama. Mwambie mimi ni mtu mtulivu."

"Na mdogo wangu?" nikauliza.

"Yeye ndiye bora kuliko wote," akasema, na uso wake ulikuwa mweupe kabisa, hapakuwa na hila hata chembe. "Yeye alinisamehe mbele ya watu. Ulikuwepo."

Hapo nikaelewa alichokibeba kutoka ukumbini kwetu. Alikuwa amechukua msamaha wa mdogo wangu akaufanya cheti cha tabia njema. Kwake jambo lile lilikuwa limefutwa, na aliyefutiwa anaweza kuanza upya, na bunduki ileile. Na nani alimfundisha hivyo? Sisi wenyewe, kwa kinanda na vigelegele. Mgeni gani angejua kwamba mambo yetu tunayamaliza kwa sauti kubwa kwanza, halafu tunayarudia nyumbani kwa sauti ndogo?

Nilirudi kwenye cherehani na furaha ya kutisha. Miaka miwili nilikuwa natafuta pa kumshika mtu huyu, na sasa serikali inanitumia afisa hadi mlangoni aje aniulize mimi. Nilipanga kila neno. Ningesema habari ya matete, ya mwenye bunduki aliyekuwa ng'ambo, ya mkanda wa injini aliousimulia kwa nesi, ya kitisho cha karatasi. Nilitaka wamkatalie hiyo mpya na wamnyang'anye hata ile ya zamani. Nilitaka kasha lake libaki na buibui, na yeye mwenyewe asimame mahakamani aeleze bunduki hufyatukaje peke yake.

Jioni nilimwambia mdogo wangu, tukiwa mezani.

"Yaya, nilishaka samehe," akasema. "Ilishaka isha."

"Wewe ndiye ulisamehe. Miye nilitafsiri."

"Atatufukuza hapa. Cherehani zako utaweka wapi? Na karatasi yangu nimeipata juzi tu."

"Kwa hiyo tumwache apewe, apige na mutu mwingine."

Aliendelea kumega ugali kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo mama yetu angemzabia kofi enzi zile. Baadaye akasema, "Huyo polisi akikuja nitaongea Kiswahili. Utafsiri tu, yaya. Usiongeze." Kiingereza cha saluni alikuwa nacho, cha bei na mtindo, lakini mbele ya polisi kilimkimbia chote. Nikamwambia sitaongeza. Nilikuwa nimekusudia kuongeza kila kitu.

Afisa alikuwa mama mnene mwenye viatu vilivyomuuma. Alipofika asubuhi mwenye nyumba alimpokea kwa kahawa na vile vikeki vya maziwa vya Wareno, akampeleka chumbani, na kutoka gereji nilimsikia akilitikisa kasha na kusema kwamba hili limeshika. Kisha akasema anataka kuongea na watu wa nyuma, na kwamba yeye mwenye nyumba abaki ndani. Alibaki ndani. Akafungua dirisha la jikoni linalotazama uani, akaanza kuosha vikombe.

Afisa aliketi kwenye kiti changu cha kushonea akanyoosha miguu. Alianza na mdogo wangu. Nikasimama katikati yao.

Je, mwenye nyumba hulewa? Hapana. Ameshawahi kumpiga mtu, kumtishia mtu, kupiga kelele ovyo? Hapana, si mtu wa kelele. Anaishije na nyinyi? Vizuri. Bomba likiharibika anatengeneza. Yote yalikuwa kweli, na kila moja nililitafsiri kama lilivyo. Maji ya jikoni yalikuwa yakitiririka na vikombe vikigongana kwa raha.

"La mwisho," afisa akasema. "Kuna sababu yoyote ambayo mtu huyu asipewe bunduki hii anayoomba?" Nadhani swali hilo huwauliza wote na wote husema hapana, maana alikuwa ameshaanza kuifunika kalamu.

Hapo ndipo nilipokuwa nimepanga kuingia. Mdogo wangu atasema hapana, na mimi hapana hiyo nitaigeuza iwe matete, madebe na kliniki, na yeye hatanizuia kwa sababu atakuwa hajaelewa hadi nimalize.

Hakusema hapana. Aliutoa mkono wa kulia mfukoni, akauweka juu ya meza yangu ya kukatia, kwenye kitambaa cha sare za kwaya.

"Huyu alinipiga risasi," akasema. "Njo maana vidole vilienda. Nimemusamehe, na hata leo nimemusamehe. Lakini ile bunduki anaomba, musimupe."

Afisa akaniangalia. Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga yalikuwa palepale mdomoni, ya chuki, mazuri, na hapakuwa na hata moja lenye uzito wa hayo. Nikatafsiri kama alivyosema. Nikalisema na lile la kusamehe, kwa sababu nilitambua kwamba bila hilo, ombi la mwisho lingeonekana ni ugomvi wa wapangaji tu. Maji ya jikoni yaliendelea kutiririka, lakini vikombe vilikuwa vimeacha kugongana.

"Eish," afisa akasema, akaifunua kalamu. "Kwa nini hiyo tu? Mbona ana nyingine kwenye kasha?"

Mdogo wangu alifikiri. "Ile ingine, akishapiga lazima asimame kidogo," akasema. "Afungue, afunge. Hapo katikati anaweza kuona mutu. Hii haina hapo katikati."

Nikatafsiri na hilo. Afisa akamuuliza ilikuwa wapi, lini, nani alikuwepo, na mdogo wangu akajibu yote, polepole, bila kuongeza chumvi. Nilikuwa bado nasema habari ya mkanda wa injini mwenye nyumba alipotokea mlangoni na mikono inadondosha povu.

"Ulinisamehe," akamwambia mdogo wangu. Hakupaza sauti. "Kanisani. Huyu mama alisema."

Afisa akanigeukia. "Ni kweli?"

"Ni kweli," nikasema. "Alimsamehe."

Sikuwahi kusema kweli kwa raha kama siku ile. Nilimwona akitafuta mahali pa kushika na hapakuwapo, maana alichokuwa amekishika miaka yote ndicho kilichokuwa kinamkata mikono. Mdogo wangu hakungoja nimtafsirie. Alimtazama, akasema kwa Kiingereza chake cha saluni, neno moja moja: ndiyo sababu sikuomba wachukue na ile nyingine.

Afisa alitaka mdogo wangu aende kituoni akatoe maelezo, jalada lifunguliwe juu ya risasi yenyewe. Alikataa. Usiku ule nilimbembeleza, nikamlaani, nikamtajia mama yetu. Alikataa. Akasema alichokuwa anataka ameshakisema. Na ombi la mwenye nyumba lilikataliwa. Aliniambia mwenyewe, uani, akiangalia pembeni. Ofisini kwao hawaelezi sana, sijui ni sisi tu au kulikuwa na jingine. Bunduki hakuipata. Mimi nilitaka nzima nikapata nusu. Lakini nusu hiyo niliila taratibu, na kila Ijumaa ya msimu alipopakia ile ya zamani kwenye pikapu, nilitoka nikasimama mlangoni pa gereji ili anione.

Hakuvumilia muda mrefu. Alitupa notisi kwa upole wake uleule, akasema anataka kutengeneza vyumba. Tulipata chumba Troyeville, kidogo kuliko vile viwili, na ngazi nyembamba iliyotulazimu kuzifungua cherehani vipande vipande. Siku ya kuhama mdogo wangu alikuwa ameshapanda nyuma ya lori, juu ya magodoro, na injini inanguruma, mwenye nyumba alipokuja hadi langoni. Nilikuwa nakunja bango langu. Alinisogelea karibu kuliko alivyopata kunisogelea tangu siku ya kukumbatiwa.

"Mama," akasema, "mwambie neno moja tu. Mwambie mimi pia nimemsamehe."

Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa anamaanisha, naapa alikuwa anamaanisha. Akangoja hapo langoni, anamtazama mdogo wangu kule juu, kama alivyongoja siku ile kanisani mpaka nimgeukie anayehusika.

Nikapanda lori, nikakaa kando ya mdogo wangu, tukaondoka. Aliinua mkono kumpungia, ule wa vidole vitatu, na mzee akainua wake. Tulipokata kona akaniinamia sikioni.

"Yaya, alisema nini?"

"Hakusema kitu."

Nilimwona akiinama, akaanza kuchezea uzi wa godoro. Alikuwa ametaka kuagwa. Mpaka leo anaamini tuliondoka pale bila neno. Na yule mzee, kama bado anavuta pumzi, anangoja jibu kutoka kwa mtu ambaye hajaambiwa kitu. Angoje.